Mama yuko nyumbani baada ya dripu ya kwanza ya saratani: tumhudumieje?

*"Mama yangu ana miaka 58. Aliondolewa titi la kushoto kwa upasuaji, na Jumanne iliyopita alipewa dripu ya kwanza ya tibakemikali Dar es Salaam, ile wanayoiita 'dawa nyekundu', kisha tukarudi naye nyumbani Morogoro. Ameambiwa arudi baada ya siku 21. Leo ni Jumamosi, siku ya tano. Siku mbili za mwanzo mkojo wake ulikuwa mwekundu tukaogopa sana, na alitapika hadi usiku wa tatu. Shangazi amemtengea sahani, kikombe na chumba akisema dawa hiyo ni sumu inayoambukiza, na wifi yangu tunayeishi naye ni mjamzito wa miezi mitano. Jirani anakataza tusimpe sukari kwa kuwa inalisha saratani, na mjomba ameleta majani ya mstafeli tumchemshie. Mtaani yuko muuguzi mstaafu ambaye yuko tayari kuja kumtundikia dripu za kuongeza nguvu kwa malipo. Je, tumchukue? Na akipata homa, tumpime malaria kwanza au twende wapi? Nyumbani tuko watu saba na mimi ndiye ninayemuuguza."*

Dada yangu, pole kwa kuuguza, na mfikishie mama salamu zangu za pole. Nimeuguza wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi, wodini na majumbani mwao, na katika maneno yako nauona uchovu wa mtu anayesikiliza ushauri wa kila anayepiga hodi, huku mgonjwa mwenyewe akimtazama yeye peke yake. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja na nitayajibu yote, lakini sitafuata mpangilio wako, kwa sababu swali uliloliweka karibu na mwisho, la homa, lina uzito kuliko mengine yote, na wakati wake unakaribia.

Ili jibu lieleweke, ni vizuri kwanza ujue dawa hizi zinafanya kazi gani mwilini. Seli za saratani zina tabia ya kujigawa na kuongezeka bila kukoma, na dawa za tibakemikali huzipiga zikiwa katika kazi hiyo ya kujigawa. Tatizo ni kwamba mwilini zimo seli njema ambazo nazo hujigawa haraka kwa sababu ndivyo zilivyoumbwa: seli za mizizi ya nywele, seli za utando wa ndani ya mdomo na utumbo, na seli za uboho, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Dawa hazizitofautishi. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, kwa kawaida kuanzia wiki ya pili au ya tatu, mdomo hupata vidonda, tumbo huchafuka, na damu hupungua. Seli hizo njema hupona baada ya muda, na hapo ndipo zinapotoka zile siku 21: hospitali inaupa mwili nafasi ya kujijenga kabla ya dripu nyingine.

Katika kupungua kwa damu, kitu kinachohitaji macho yako zaidi ni chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili dhidi ya bakteria. Zile zinazofanya kazi kubwa zaidi ya ulinzi huishi muda mfupi sana, saa kadhaa hadi siku chache, kwa hiyo uboho unapopunguza kazi, akiba iliyomo kwenye damu huisha upesi na hakuna ya kuziba pengo. Kwa dawa za aina aliyopewa mama, kiwango hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, ukihesabu siku ya dripu kuwa siku ya kwanza, kisha huanza kupanda tena. Ninyi mko siku ya tano. Mama anaweza kuwa anajisikia vizuri zaidi kesho kuliko juzi, anakula, anatembea hadi barazani, na familia ikadhani kwamba hatari imekwisha, ilhali ni sasa ndipo inapoanza.

Bakteria wanaomdhuru mgonjwa katika siku hizo mara nyingi hawatoki mbali; ni wale wale wa utumboni, mdomoni na juu ya ngozi yake mwenyewe, ambao siku zote wamekuwa wakizuiwa na chembe hizo. Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawaelezwi. Usaha, uvimbe, wekundu wa kidonda na makohozi mazito hutokana kwa sehemu kubwa na kazi ya chembe nyeupe. Zikiwa hazipo, mgonjwa anaweza kuwa na nimonia asikohoe, au jipu lisitunge. Mara nyingi dalili pekee inayobaki ni joto la mwili. Bakteria wakishaingia kwenye damu, mgonjwa anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache, na hospitali zenye uzoefu hujitahidi apate antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu anapofika mlangoni.

Sasa, malaria. Umelelewa, kama nilivyolelewa mimi, kwamba homa ikianza unakwenda kupima malaria. Ni desturi nzuri, na mama naye apimwe, lakini kipimo hicho hakipaswi kuamua kama ataendelea na safari ya hospitali au atarudi nyumbani. Kikisema hana malaria, bado homa ina chanzo chake na huenda ni bakteria. Kikisema anayo, bado hakijasema kwamba hana bakteria pamoja na malaria hiyo. Tena kipimo cha haraka cha kutoboa kidole huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa kuwa kinapima protini ya vimelea inayobaki kwenye damu. Niliwahi kumpokea mama mmoja ambaye siku ya kumi baada ya dripu alipata homa, akapimwa katika zahanati moja, akaambiwa ni malaria, akapewa vidonge na sindano ya kushusha joto, akarudi kulala. Watoto wake walifurahi kumwona ametoka jasho na kupoa. Walipomleta kwetu kesho yake mchana mikono yake ilikuwa ya baridi na shinikizo la damu lilikuwa limeshuka mno. Alipona, baada ya siku nyingi wodini, lakini sijaisahau sauti ya binti yake akirudia kusema, "Lakini tulimpeleka kupima."

Kwa hiyo nunua kipimajoto cha dijitali katika duka la dawa. Usitegemee kiganja kwenye paji la uso, hata kiwe kiganja cha mama mzazi. Mpime asubuhi na jioni, na wakati wowote anaposema anasikia baridi au mwili umekuwa mzito. Fungua kwapa la kulia, lile la upande usiopasuliwa, likaushe kwa kanga kavu, weka ncha ya kipimajoto kwenye kina cha kwapa, kisha mshikie mkono ubanwe kifuani hadi kilie. Kisiingizwe kamwe kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu mchubuko mdogo hapo ni mlango wa bakteria. Kwa sababu hiyo hiyo asipigwe bomba la tumbo wala asiwekewe dawa huko akipata choo kigumu. Andika namba na saa kwenye daftari la shule la kawaida, ukiwa umeandika kila siku namba yake: siku ya sita, siku ya saba, na kuendelea.

Joto la kwapani husoma chini kidogo kuliko la mdomoni. Likifika 37.5, rudia baada ya nusu saa, na wakati huo huo piga simu hospitali. Likifika 38 au zaidi, ondokeni, iwe mchana au usiku. Pia ondokeni kama anatetemeka kwa baridi, amechanganyikiwa, anahema haraka au amelegea ghafla, hata kama kipimajoto hakionyeshi homa, kwa kuwa vidonge vya deksamethasoni ambavyo wagonjwa wengi hupewa kwa ajili ya kichefuchefu huweza kuificha. Usimpe parasetamoli kabla ya kupima na kuzungumza na hospitali. Inashusha joto na kukupa utulivu wa uongo huku bakteria wakiendelea. Na akiwa katika siku hizi akatazwe dawa za maumivu za diklofenaki na aspirini, ziwe vidonge au sindano, kwa kuwa huvuruga kazi ya chembe sahani, ambazo ndizo hugandisha damu na ambazo nazo hupungua, na diklofenaki huweza kuumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji. Sindano yoyote ya tako iepukwe mpaka damu ipimwe.

Mwende wapi? Msikimbilie Dar es Salaam usiku. Ni karibu kilomita 200, na antibayotiki ya kwanza haiwezi kungoja safari hiyo. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo Morogoro, mwingie kupitia idara ya dharura, na sentensi yako ya kwanza mlangoni iwe hii: "Mama yuko kwenye tibakemikali, leo ni siku ya kumi, ana joto la 38.2, tunaomba kipimo cha picha kamili ya damu na antibayotiki ya mshipani." Iseme hivyo hivyo, kwa adabu lakini bila kuzungusha, kwa sababu nesi wa zamu anaona mbele yake mama aliyevaa kanga anayetembea kwa miguu yake, na pasipo maneno hayo anaweza kumweka kwenye foleni ya wenye homa wote. Piga picha kwa simu ya fomu yake ya dawa na barua aliyotoka nayo hospitali, uzioneshe. Nakushauri uende mapema Jumatatu, bila mgonjwa, ukaulize nani hupokea wagonjwa wa namna hii usiku na kama dawa hizo huwapo. Namba ya kliniki ya saratani ya Dar es Salaam nayo iwe kwenye simu za watu wawili au watatu wa nyumba hiyo, si yako peke yako.

Nimekaa sana hapo, na nimekusudia. Sasa niingie kwenye mambo mengine.

Mkojo mwekundu ulikuwa rangi ya dawa yenyewe. Doksorubisini, ndiyo hiyo 'dawa nyekundu', ni nyekundu kwenye chupa na huweza kutoka nyekundu kwenye mkojo kwa siku moja au mbili; haikuwa damu, na nasikitika kwamba hamkuambiwa kabla ya kuondoka. Hata hivyo dawa anayopewa nayo mara nyingi, saiklofosfamaidi, huweza kukera kibofu, ndiyo maana tunasisitiza anywe maji mengi na asibane mkojo. Ikiwa wekundu utarudi baada ya siku ya tatu, au akikojoa kwa maumivu, hapo tutaihesabu kuwa damu na atahitaji kuonwa.

Shangazi amekosea kuhusu kuambukiza, ingawa woga wake una chembe ya ukweli ambayo inafaa kumpa heshima yake. Saratani ya mama haiambukizi kwa sahani, kitanda, kukumbatiana wala kulala pamoja. Kikombe kilichooshwa kwa sabuni ni kikombe cha kila mtu. Ila mabaki ya dawa hutoka mwilini kwa mkojo, kinyesi na matapishi, zaidi katika saa 48 za mwanzo, na kwa baadhi ya dawa hadi siku kama saba. Katika siku hizo anayesafisha avae glovu, choo kimwagiwe maji ya kutosha mara mbili, na shuka au nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake kwa sabuni na maji mengi, zianikwe juani. Wifi yako asiguse kazi hiyo kabisa kwa ajili ya mtoto aliye tumboni, na asiyevishika vitu hivyo hana cha kuogopa: anaweza kupika naye, kula naye na kumsuka binti mdogo huku mama akiwa ameketi kando. Mrudishieni mama chombo chake mezani. Mgonjwa akitengewa sahani huanza kula kidogo, na hilo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba siku hizi naliuliza kabla ya kuuliza uzito.

Wa kutengwa kwa muda ni mtu mwenye mafua, kikohozi, kuhara, tetekuwanga au surua, hata akiwa mjukuu kipenzi. Wekeni ndoo ya maji ya bomba na sabuni mlangoni, kila aingiaye anawe. Watu watakuja kumjulia hali, na si desturi yetu kumfukuza mgeni. Wapokeeni barazani, hewa ipite, wakae kidogo, na ifikapo wiki ijayo mama mwenyewe asiende misibani wala kwenye mikusanyiko ya ndani. Akilazimika kupanda gari la abiria avae barakoa.

Kuhusu kutapika, kosa la kawaida ni kungoja kichefuchefu kije ndipo dawa itolewe. Dawa za kuzuia kutapika hufanya kazi vizuri zaidi zikitangulia, kwa saa zilizopangwa, hata kama mgonjwa anasema yuko sawa; na kwa dawa alizopewa mama kichefuchefu kinaweza kudumu hadi siku ya tano. Mkirudi kliniki, waeleze wazi kwamba alitapika siku tatu, kwa sababu mpango wake wa dawa unaweza kuongezwa nguvu na raundi ya pili ikawa tofauti kabisa. Wengi hunyamaza wakidhani ndivyo ilivyo. Ondansetroni, mojawapo ya dawa hizo za kuzuia kutapika, hufunga choo, kwa hiyo apate maji, papai na kutembea kidogo, na akikaa siku tatu bila choo muulize daktari dawa ya kulainisha. Akiharisha, apewe ORS. Isipokuwapo, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, aonje asijisikie anakunywa maji ya bahari. Kuhara zaidi ya mara nne kwa siku kupita kawaida yake, au kutapika kiasi cha kutoweza kushika hata maji, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mdomo usisubiriwe uote vidonda. Nusu kijiko kidogo cha chumvi na nusu kijiko kidogo cha magadi ya kuokea, yale yanayouzwa dukani kama baking soda, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Asukutue baada ya kila mlo na kabla ya kulala, kisha ateme. Mchanganyiko huo utengenezwe mpya kila siku. Mswaki uwe laini kabisa. Mswaki wa mti, kama ameuzoea, apumzike nao kwa sasa, kwa sababu huchoma fizi na fizi zikitoka damu katika siku hizi huchelewa kukauka.

Kuhusu sukari, jirani yako si mtu mbaya. Amesikia jambo ambalo limezagaa kila mahali. Ni kweli kwamba seli za saratani hutumia sukari nyingi, lakini kila seli ya mwili huitumia, moyo na ubongo zikiwemo, na mgonjwa asipoila ini lake hulazimika kuitengeneza, mwisho likiinyofoa kutoka kwenye misuli yake mwenyewe. Kumnyima sukari hakuinyimi saratani. Kinachotokea ni kwamba mama atakonda, na mgonjwa aliyekonda huvumilia dawa kwa shida na raundi zake huweza kuahirishwa. Mpe uji wa ulezi wenye karanga na sukari anayoipenda. Kama ana kisukari, hilo ni jambo jingine na lizungumzwe na daktari, hasa kwa kuwa deksamethasoni hupandisha sukari ya damu.

Chakula kiwe kidogo kidogo mara nyingi: yai lililochemshwa likaiva hadi kiini, maharage, samaki, dagaa, ndizi za nyama, maziwa yaliyochemshwa. Harufu ya mafuta yanayokaangwa humtapisha kuliko chakula chenyewe, hivyo jiko lipikiwe nje, na chakula kikipoa kidogo harufu nayo hupungua. Siku hizi hatuwakatazi tena wagonjwa matunda na mboga zote kama zamani, kwa kuwa haikuonekana kuwasaidia. Tunachotaka ni usafi. Embe, papai, chungwa na ndizi zioshwe na kumenywa nyumbani, ziliwe papo hapo. Maziwa mabichi, mtindi wa maziwa yasiyochemshwa, kachumbari ya kununua na juisi ya barabarani viwe mbali naye. Rozela na kiazisukari kilichopikwa ni vizuri kama vyakula, lakini havitapandisha chembe nyeupe. Uboho ukishapigwa na dawa, muda ndio unaourudisha, na wakati mwingine sindano maalumu ambayo daktari ataamua.

Majani ya mstafeli nakuomba uyaweke kando. Sisemi hivyo kwa kudharau mitishamba: vinkristini, mojawapo ya dawa kongwe za saratani, ilitokana na ua la asili ya Madagaska ambalo limepandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu. Ila dawa hiyo imepimwa, kipimo chake kinajulikana na madhara yake yanajulikana. Chungu cha majani hakijulikani kina nini, na figo na ini la mama sasa hivi vina kazi moja kubwa ya kusafisha dawa kali. Kuhusu mstafeli kuna la ziada: katika kisiwa cha Guadeloupe, ulaji mwingi wa matunda na chai ya majani ya jamii hiyo umehusishwa na ugonjwa wa ubongo unaofanana na Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Mwambie mjomba kwamba daktari ameomba asubiri mpaka raundi zote ziishe. Atalipokea vizuri zaidi kuliko kuambiwa dawa yake haifai.

Sasa muuguzi mstaafu. Nitakuwa mkweli kwako: mtu huyo anaweza kuwa msaada mkubwa kwenu, au anaweza kumdhuru mama, kutegemea mtakachompa afanye. Dripu za kuongeza nguvu msikubali. Maji ya sukari na vitamini yaliyomo kwenye chupa hizo hayafikii chakula kilicho kwenye bakuli la uji, na sindano yenyewe ni tundu kwenye ngozi katika wiki ambayo askari ni wachache. Zaidi ya hilo, mama aliondolewa titi la kushoto, na ikiwa tezi za kwapani ziliondolewa pia, mkono huo kwa kawaida hauchomwi sindano wala haupimwi shinikizo la damu kwa kuhofia uvimbe wa kudumu. Amebaki na mkono mmoja wa kulia, wenye mishipa michache mizuri, na raundi zilizobaki zote zitaihitaji. Kila dripu isiyo ya lazima inakula mshipa ambao kesho atauhitaji. Utazame pia mkono huo leo, pale dawa nyekundu ilipoingilia. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Ukiona wekundu, uvimbe, lengelenge au maumivu yanayozidi, usiukande kwa maji ya moto, bali wapigie kliniki leo hii.

Ila muuguzi huyo, kama ana usajili hai wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na unayo haki ya kumwomba akuonyeshe, anaweza kuja dakika 30 kila siku kuanzia Jumatatu hadi wiki ijayo itakapoisha. Amtazame mdomo, ngozi na kidonda cha upasuaji, apime shinikizo la damu mkono wa kulia, asome daftari lako, na kubwa zaidi awe mtu unayeweza kumpigia saa nane za usiku akakwambia, "Ondokeni." Hilo ningelilipia. Kama fedha ni chache, ulizeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu kuhusu wahudumu wa afya wanaotembelea wagonjwa majumbani; hawatafanya yote hayo, lakini jicho la pili linasaidia. Njia ya tatu ni mama kukaa kwa ndugu Dar es Salaam katika siku za hatari za kila raundi. Ina faida ya ukaribu na kliniki yake, na hasara ya nyumba ngeni, pengine yenye msongamano, na wewe kuwa mbali na watoto. Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 imefupisha safari, lakini homa ikianza usiku wa manane hamwezi kungoja treni. Kwa maoni yangu, kama hospitali ya mkoa itakuthibitishia hiyo Jumatatu kwamba inaweza kumpokea na kumwanzishia antibayotiki, abaki nyumbani. Ikisita, mpelekeni kwa ndugu kabla ya siku ya saba haijaisha.

Umejitaja mara moja tu, mwishoni, katika maneno machache. Watu saba ndani ya nyumba moja wanatosha kugawana kazi hii. Usiku mmoja kati ya mitatu mtu mwingine alale karibu na mama, na kabla hujamwachia zamu mfundishe kipimajoto mpaka akitumie mbele yako na kuandika mwenyewe. Shangazi anafaa sana kwa kazi ya maji ya kusukutulia; mtu mwenye woga akipewa jambo la kufanya hutulia. Mama naye asilazwe kutwa nzima. Uchovu wa dawa hizi haumalizwi na kulala tu, na kutembea polepole uani asubuhi kabla jua halijawa kali humrudishia nguvu kidogo. Kabla nywele hazijaanza kutoka, muulize kama angependa zikatwe fupi na mtu anayempenda, badala ya kuamka akizikuta kwenye mto. Zitaota tena dawa zitakapokwisha.

Leo ni Jumamosi na keshokutwa ni siku ya saba. Maduka ya dawa yako wazi jioni hii: nunua kipimajoto, glovu na pakiti chache za ORS, weka salio kwenye simu, zungumza na dereva wa bajaji au teksi mnayemfahamu kwamba huenda mkamwamsha usiku wowote wiki ijayo, na mkoba wenye kadi ya mama, barua ya hospitali na kanga mbili utundikwe nyuma ya mlango.